Paa Hupakwa Likiwa Zima: Kinga ya Mapaa ya Biashara Kisiwani Mombasa na Mji wa Kale

Mada kwa semina ya wenye majumba, wapangaji wa maduka na mafundi wa paa



Ikifika Mei na masika kushika, fundi wa paa hapatikani kisiwa kizima. Biashara Street leso zimeloa, Marikiti magunia ya viungo yameanza kuota ukungu, na kwenye maghala ya Shimanzi maji yanafuata nyaya za umeme. Fundi akipatikana hupanda na ndoo ya lami, akaziba tundu, akashuka, na mwaka ujao huitwa tena. Ninalokuja kusema ni hili: rangi ya kinga hurefusha umri wa paa lililo zima. Paa lililokwisha kuliwa haliokolewi na rangi, hata iwe ya bei gani.

Tuanze na bati. Bati ni chuma kilichovishwa zinki, na zinki ikiisha chuma hubaki uchi. Bati la daraja la Z275 lina gramu 275 za zinki kwa kila mita mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, yaani kama maikroni 20 kila upande. Viwango vya ISO huweka pwani yenye chumvi ya wastani katika daraja la kutu la C4, ambapo zinki hupungua maikroni 2.1 hadi 4.2 kwa mwaka. Penye chumvi nyingi ni C5, na upotevu huweza kufika 8.4. Pigeni hesabu wenyewe. Katika C4, Z275 huishiwa na kinga kati ya miaka 5 na 10. Z100, yenye maikroni 7 hivi kila upande, humaliza yake kwa miaka 2 au 3. Kwa hiyo dukani usiulize unene wa bati peke yake. Uliza na zinki.

Mahali pa kuchunguza kwanza ni pale mvua isipofika. Upepo wa kusi huleta chumvi juu ya paa na chini ya upenu vilevile. Ya juu huoshwa na mvua, ya chini hukaa ikila mwaka mzima. Tazameni pia matundu ya misumari, na kingo zilizokatwa kwa grainda: cheche zake huchoma zinki, na chembe za chuma zinazobaki juu ya bati huanza kutu baada ya siku chache. Kisha kuna kunguru. Wamejaa mjini, vinyesi vyao hula rangi, na viota vyao vya vipande vya waya huziba mifereji hadi maji yarudi nyuma chini ya bati.

Kabla ya kupaka, bati lisuguliwe kutu na kuoshwa. Hapa ndipo kazi nyingi za kisiwani zinapoharibikia. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi. Ukiosha paa kwa maji hayo, unabakisha chumvi juu ya chuma kisha unaifunika kwa rangi, nayo huvuta unyevu kupitia rangi mpaka malengelenge yatokee. Mteja husema rangi ilikuwa mbovu. Nunueni maji matamu kwa ajili ya suuza ya mwisho. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kupaka upya. Praima ya kuzuia kutu ifuate siku hiyo hiyo, kabla ya chumvi mpya kutua.

Wakati wa kupaka ni kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Alfajiri bati lina umande, na adhuhuri huwa moto kiasi cha rangi kukauka kabla haijashika. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi panafaa. Alasiri pia, ikiwa rangi itawahi kukauka kabla umande haujashuka. Rangi isizimuliwe kupita maelekezo ya kopo. Mikono miwili, wa pili ukikatisha wa kwanza.

Mapaa ya zege ya Moi Avenue na Digo Road nitayapitia upesi. Maji yakituama, rekebisha kwanza mteremko, kwa kuwa rangi ya akriliki hulainika na kubanduka ikikaa majini. Silikoni huvumilia zaidi, lakini ukishaipaka, kila kitakachofuata lazima kiwe silikoni.

Sasa Mji wa Kale, na hapa naomba subira yenu. Nyumba kongwe za mawe zina paa la sakafu: boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe, kisha chokaa na kokoto zilizopigwa mpaka zikashikana. Paa hili hunywa unyevu kidogo wakati wa mvua na kuutoa jua likiwaka. Ukilifunika kwa lami umeliziba pumzi. Maji yataingia tu, kwenye ufa au kandoni mwa ukuta, na yakikosa pa kutokea yatakwenda kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani. Boriti huoza pale pale jicho lisipofika. Lami yenyewe hukauka kwa jua ikapasuka, mtu akaongeza nyingine juu, na uzito ukazidi. Saruji nayo ni ngumu mno kwa chokaa laini; hupasuka na kubeba maji.

Kinga ya paa hilo ni chokaa: nyufa zikwanguliwe na kujazwa chokaa, kisha juu mikono kadhaa myembamba ya chokaa iliyolowekwa muda mrefu, kila kaskazi. Weupe wake pia hupoza duka lililo chini. Mahali ambapo maji ya paa hukusanywa birikani, hiyo ni sababu nyingine ya kukataa lami. Na kabla ya kubadili sura ya paa, piteni kwanza kwenye Ofisi ya Uhifadhi ya Mji wa Kale, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa.

Penye vigae vya asbestosi, msisugue wala kutoboa. Asbestosi huhesabiwa kuwa taka hatari, na kuitoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Limebaki la nani alipe. Maduka mengi yamepangishwa chini ya Sura 301, sheria ya upangaji wa maduka, mengine ni ya wakfu, na kila upande hungoja mwenzake mpaka dari idondoke. Wenye majumba na wapangaji, andikeni katika mkataba nani anapaka na lini, na fedha zitengwe mwezi wa Novemba. Mafundi, mkiitwa Mei, zibeni tundu, kisha kataeni kupaka hadi kaskazi.