Kipimo cha Kumbukumbu na Haki ya Wazee Wetu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Mmenitaka nizungumze juu ya afya. Nimechagua jambo moja tu: namna tunavyopima akili za wazee, na kama vipimo hivyo vinawatendea haki.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimensia, yaani maradhi ya ubongo yanayoondoa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Zaidi ya asilimia 60 yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Lakini vipimo vingi vya kuyatambua maradhi hayo vilitungwa mbali na kwetu, kwa ajili ya watu waliosoma.

Chukueni kipimo kimoja mashuhuri kilichotolewa Marekani mwaka 1975, chenye alama 30. Mtu huambiwa asome amri na kuitii, aandike sentensi, anakili mchoro wa maumbo mawili ya pembe tano, na atoe saba katika mia, kisha saba tena, na kuendelea. Huulizwa pia yuko ghorofa ya ngapi. Sasa mwekeni mbele ya karatasi hiyo bibi wa miaka 80 ambaye hakupelekwa shule kwa kuwa alizaliwa msichana. Bibi huyo anajua mpaka wa kila shamba, ukoo wa kila mtoto na deni la kila jirani. Atapoteza alama nyingi kabla kumbukumbu yake haijaguswa. Hapo tumepima shule, hatukupima ubongo.

Hasara yake ni mbili. Mzee mzima huhesabiwa mgonjwa, na neno lake juu ya ardhi au mirathi likaanza kupuuzwa. Naye msomi anayeanza kuugua huweza kupata alama nzuri, akarudishwa nyumbani bila msaada. Na pale pasipo na kipimo chochote, watu husema "ni uzee tu", au, vibaya zaidi, hunong'ona habari za uchawi.

Ndugu zangu, njia ya kurekebisha ipo, na sehemu yake imeanzia hapa nchini. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwachunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, mwaka 2009 na 2010. Baada ya kusawazisha hesabu kwa umri, walikuta dimensia kwa asilimia 6.4. Kutokana na kazi ya huko Hai kikatungwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, chenye alama 15, kilichochapishwa mwaka 2014 na kuhakikiwa pia Nigeria. Hakihitaji kalamu. Mzee huulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani, hutaja wanyama, hukumbuka maneno aliyosomewa, na hupanga njiti za kibiriti kufuata mfano aliooneshwa.

Hata hivyo, kipimo kizuri chaweza kuharibiwa na mpimaji. Tafsiri peke yake haitoshi. Anayetarajia majira manne ya Ulaya atamkosoa mkulima anayejibu "masika", na mkulima ndiye aliye sawa. Mpimaji aulize kwanza kama mzee anaona na kusikia vizuri. Azungumze lugha anayoiota mzee. Awaulize na wa nyumbani: je, bado anajua njia ya sokoni, bado anahesabu chenji?

Sisi tulio maofisini tunapanga kwa tarakimu. Tarakimu ikipotoka, zahanati hukosa mhudumu na jamaa hubaki na mzigo peke yao.

Nanyi vijana, mnaofanya mitihani kila muhula, mnajua kuwa swali lisilofundishwa si haki. Wengine wenu mtakuwa waganga, walimu na watafiti. Mtakapotunga maswali yenu, nendeni kwanza mkayasikilize majibu ya wazee, ndipo muamue lipi ni sahihi.