Mtoto Aachwe Peke Yake Akiwa na Umri Gani?

Kila shule zikifungwa mwezi wa Agosti, swali hili huja kliniki hapa Eldoret: "Sista, huyu wangu ana miaka saba. Naweza kumwacha nyumbani nikienda kibarua?"

Mimi huanza kwa kuuliza habari za mlango. Siku moja nikitembelea nyumba za watu, nilifika ploti fulani nikasikia mtoto mchanga akilia. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Nikachungulia dirishani. Msichana wa miaka minane alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni, na katikati ya chumba kulikuwa na jiko la makaa, bado lina moto, maana mnajua baridi yetu ya Agosti. Mama yao alikuwa amekwenda kufulia watu nguo. Aliporudi alilia. Akaniambia, "Sista, nisipoenda hawali. Nisipofunga, nawaogopea watu wa ploti."

Sikumgombeza, na wewe mama sikugombezi. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Lakini kufuli linalomzuia mtu mbaya asiingie ndilo linalomzuia mtoto asitoke nyumba ikishika moto, na dirisha lina vyuma. Tena makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watoto husinzia tu, wakadhaniwa wamelala.

Sasa umri. Sheria yetu ya Watoto ya mwaka 2022 haikuandika umri wa kumwacha mtoto peke yake, ila kumtelekeza mtoto ni kosa. Uingereza nako sheria haitaji umri, lakini shirika lao la kulinda watoto, NSPCC, hushauri kwamba aliye chini ya miaka 12 ni nadra awe amekomaa kuachwa kwa muda mrefu, na aliye chini ya miaka 16 asiachwe usiku kucha. Kwa maoni yangu, aliye chini ya miaka minane mwende naye hata kibandani kununua sukuma. Kuanzia minane hadi kumi na moja, muda mfupi wa mchana, na mtu mzima wa karibu awe anajua.

Hapo nazungumzia mtoto kujitunza mwenyewe. Kumtunza mdogo wake ni kazi nyingine kabisa. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye beseni lenye maji kidogo tu, wakati dada yake anatafuta kijiko.

Najua utasema, "Mbona sisi tulilelewa hivyo?" Hata mimi nilimbeba ndugu yangu nikiwa na miaka saba. Lakini kule nyumbani nyanya alikuwa hatua chache tu, na tukinyamaza sana alituita. Ploti ya mjini haina nyanya.

Yule mama alikubaliana na wenzake wawili wa ploti kupeana zamu. Asiye na kibarua siku hiyo hubaki na watoto wote, na wengine humletea unga au sukari. Zipo siku wote watatu wanaitwa kazini, na mmoja hulazimika kuikosa. Hilo sitawaficha.

Kabla ya kumwacha aliye mkubwa, usimuulize kama anaogopa, atakwambia haogopi. Mwambie akuonyeshe. Afungue mlango mwenyewe kutoka ndani. Akutajie namba yako ya simu bila kusoma. Akuonyeshe mlango wa jirani atakaobisha. Mwambie, "Mtu amekuja anasema ametumwa na mama. Utafanya nini?" Umsikilize. Jiko litoke nje, na mafuta ya taa yasikae kamwe kwenye chupa ya soda.

Akiungua, mwagia maji safi ya baridi dakika 20, wala usipake dawa ya meno au yai, kisha mlete hospitali. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe wala usimpe maziwa, mlete mara moja.

Mfundishe pia namba 116, ya kusaidia watoto. Ni bure, na mzazi naye anaweza kuipiga, mchana au usiku.