Dubwana na Ngeli Yake



Wengi wenu mlitarajia nizungumzie mofolojia ya lugha za Kibantu, kama nilivyozoea. Sikuiacha mofolojia, nimeifuata hadi mahali ambapo sisi wataalamu hatukuwa na desturi ya kuingia, yaani banda la video. Swali langu ni jepesi kuliuliza: kwa nini filamu moja ya dubwana huwafanya watazamaji wasahau kwamba wamekalia ubao usio na egemeo, na nyingine, iliyogharimu fedha nyingi zaidi, huwafanya watoke nje kununua karanga?

Kaagya, mkoani Kagera, banda nililolifahamu katika miaka ya 1990 lilikuwa na jenereta, televisheni moja na msimulizi. Picha zilikuwa za kigeni. Sauti ilikuwa yake. Kazi hiyo ilikuwa imeenea. Kutoka Uganda zilivuka Mutukula kanda zilizosimuliwa kwa Kiganda, nasi Wahaya tulizidaka nusu kwa nusu kwa kuwa lugha zetu ni ndugu. Upande wa Kiswahili alivuma Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Msimulizi wetu hakuwa na sifa hiyo, ila alijua kitu ambacho watengenezaji wengi wa filamu hawakijui: ukubwa wa dubwana haumo mwilini mwake, umo katika namna linavyosimuliwa.

Nitatoa mfano. Jioni moja alituonyesha King Kong, ile ya mwaka 1976. Sokwe alipotokeza msituni, msimulizi alisema: "Jitu hilo! Linakuja! Linavunja miti!" Mwishoni, helikopta zilipokwisha kummiminia risasi naye akaanguka chini ya majengo ya New York, sauti ilishuka: "Ameanguka. Anapumua bado. Hatainuka tena." Banda zima likanyamaza, na mama mmoja nyuma yangu akasema, "Maskini." Hakuna aliyetangaza kwamba kiumbe kile kimebadilika. Aliyebadilika ni kiambishi: li- kilimpisha a-.

Mnajua kwamba Kiswahili humruhusu msemaji kuchagua. Mtu hugeuka jitu, nyoka hugeuka joka, na baada ya hapo tunaweza kusema "joka limekuja" au "joka amekuja." Sarufi za shuleni huliona jambo hili kama mashaka ya upatanisho, na huharakisha kuamua lipi ni sahihi. Mimi naliona kuwa ni hukumu inayotolewa juu ya kiumbe. Li- humweka pamoja na jiwe na jabali. A- humrudisha miongoni mwa wenye uhai, wanaoweza kuonewa huruma. Jirani zetu Waganda wana viambishi ogu- na aga- vya kukuza na kubeza kwa pamoja, na wasimulizi wao wana utajiri wao wa kuchezea. Filamu ya dubwana inayofurahisha, kwa maoni yangu, ni ile inayompa msimulizi sababu ya kubadili kiambishi. Inayochosha haimpi.

Tutazame Godzilla. Filamu ya kwanza, aliyoiongoza Ishirō Honda, ilitoka Japani Novemba 1954, miezi michache baada ya wavuvi wa Kijapani kunyeshewa majivu ya bomu la nyuklia la Marekani lililojaribiwa Bikini mwezi Machi mwaka huohuo. Ndani ya dubwana alikuwamo mtu aliyevaa vazi zito la mpira, na ngurumo yake ilitokana na glavu ya ngozi iliyosuguliwa kwenye nyuzi za ala kubwa ya muziki. Ukitazama kwa jicho kali utaona hila zote hizo. Lakini dubwana lile limeamshwa na mabomu ya wanadamu, na linapokufa chini ya bahari, mwanasayansi aliyebuni silaha ya kuliua anakufa nalo. Huwezi kuimaliza filamu ile ukisema "limekufa" pekee.

Toleo la Marekani la mwaka 1998 lilikuwa na kompyuta na fedha, na dubwana lenye mbio za ajabu. Linakwama katika nyaya za Daraja la Brooklyn, linapigwa makombora, basi. Hata wenye jina lake, kampuni ya Toho, walikuja kuliita Zilla tu, na katika filamu yao ya mwaka 2004 Godzilla halisi analitwanga kwa muda mfupi sana. Toleo la mwaka 2014 lililaumiwa kwa sababu nyingine: katika saa mbili Godzilla anaonekana kama dakika kumi. Hapo mimi siungani na walalamikaji. Papa wa filamu ya Jaws (1975) haonekani vizuri mpaka saa nzima imepita, kwa kuwa mtambo wake uliharibika mara kwa mara baharini, na ubovu huo ndio uliookoa filamu. Kuchelewesha si kosa. Kosa ni kuchelewesha bila kupima.

Fanani wa Zanzibar waliosimulia hadithi alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870 walilijua hilo. Katika hadithi ya Sultani Majinuni, paka wa sultani anaanza kula mifugo, na mwenyewe anapuuza kwa kuwa paka ni wake na mifugo ni yake. Paka anafikia watu, kisha wana wa sultani. Ndipo anapoitwa nunda mla watu. Mwana mdogo anatoka kumwinda. Anaua mbwa akidhani ndiye, mama anamwambia siye. Anarudi na punda milia, twiga, kifaru, tembo, na kila mara siye. Tembo anapokuwa mdogo mno, msikilizaji ameshapewa kipimo, na nunda bado hajaonekana! Angalieni pia jina lake: ni mla watu, kwa kiambishi cha mtu. Mnyama huyo alilelewa nyumbani.

Wasikilizaji wa Kihaya humwitikia fanani kwa maneno yenye maana ya "ona nasi tuone," na Peter Seitel aliyafanya kuwa jina la kitabu chake cha ngano za Kihaya cha mwaka 1980. Hadhira inamwomba fanani macho. Bandani tulikuwa na macho yetu, na picha mbele yetu, na bado tuliyaomba yake.

Lipo jambo ninalopaswa kulikiri. Zamani mwanafunzi aliniletea pendekezo la kuchunguza lugha ya wasimulizi wa video. Nilimrudishia, nikamwandikia pembeni kwamba hiyo si fasihi. Aliandika juu ya jambo jingine, akafaulu. Miaka mingi baadaye nilikwenda Kaagya kutafuta kanda za msimulizi wetu. Mwenye banda alizihifadhi darini, katika unyevu wa migombani. Kati ya sanduku zima, iliyokubali kucheza ni moja, nayo kwa dakika chache: picha imefifia kabisa, na sauti inasema, "Linakuja."