Tulianza kwa Kubipu: Mtumiaji na Mageuzi ya Simu



Naomba nianze na kubipu. Simu unayo, mtandao unashika, salio huna. Unapiga, inaita mara moja, unakata. Mwenzako anajua: nipigie. Wengine walikuwa na kanuni zao kabisa. Mlio mmoja nimefika, miwili njoo unipokee. (Walikuwepo waliodai huo ni ushamba. Nao walibipu.) Mtandao ulijengwa utoze maongezi, watu wakagundua kwamba mlio wenyewe ni ujumbe, tena wa bure. Hakuna mhandisi aliyeupanga.

Nashikilia kwamba mageuzi mengi ya simu yalipita njia hiyohiyo: mtengenezaji hutoa kitu kwa kusudi lake, watu wakakitumia kwa shida zao, kisha yeye akawafuata nyuma.

Tazameni M-Pesa. Majaribio yalipoanza Kenya mwaka 2005, kusudi lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Wakopaji wakafanya yao. Walitumiana pesa. Aliyekuwa na safari aliziweka kwa wakala wa huku, akazitoa kwa wakala wa kule, asitembee na noti mfukoni. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, marejesho ya mikopo yalikuwa yamewekwa kando, na tangazo likawahimiza watu watume pesa nyumbani.

WhatsApp nayo haikuzaliwa kuwa ya kuandikiana. Mwaka 2009 Jan Koum aliibuni ili mtu aonyeshe hali yake tu: niko kazini, betri inakaribia kuisha. Mwaka huohuo Apple iliruhusu programu za iPhone kumgutusha mwenye simu hata akiwa hajazifungua. Basi mtu akibadilisha hali yake, marafiki wanaarifiwa papo hapo. Wakaanza kutaniana kwa kubadilisha hali. Koum akaliona hilo, akaigeuza programu iwe ya ujumbe. Kampuni iliyoinunua mwaka 2014, Facebook, ilikuja kuiondoa hali ya maandishi Februari 2017 na kuweka picha zinazofutika baada ya saa 24. Watumiaji wakapiga kelele. Mwezi uliofuata maandishi yakarudishwa.

Tena, la zamani haliondoki upesi. Kaa kwenye banda la wakala hapa Tanzania. Mama mwenye kiswaswadu anabonyeza *150*00#, anafuata menyu, anaficha namba ya siri kwa kiganja. Nyuma yake yupo kijana mwenye simu janja, programu ya kutuma pesa anayo, lakini bando limekata. Naye anabonyeza *150*00#. Wakala anaandika miamala yote miwili kwenye daftari la karatasi.

Sitaki mtoke hapa mkidhani mtumiaji angali na nguvu ile. Kubipu kulikuwa wazi: ulijua unachofanya na kwa nini. Leo ukifungua TikTok, video inayofuata imechaguliwa na mashine iliyopima ulipokawia na uliporuka. Bado unafuatwa nyuma, ila sasa unafuatwa kwa sekunde, na anayekufuata ndiye anayekupeleka. Kwangu huko ni kurudi nyuma, hata kama kioo ni kikubwa na picha ni nzuri zaidi.

Wanafunzi wa uhandisi, kabla hamjaandika mstari wa kwanza wa programu yoyote, nendeni mkashinde kwa wakala siku moja. Ombeni ruhusa, msitazame namba za siri za watu. Kiti mtapewa, mara nyingi ni ndoo iliyopinduliwa.