Ng'ombe wa Nyama na Maziwa ya Nyumbani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka)



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme machache juu ya maziwa ya jamaa zetu walioko mashambani. Wengi wetu hapa Kaloleni, Makadara na Jericho tuna ng'ombe nyumbani, na wengi wao si wa gredi; ni zebu, au wana damu ya Boran. Watu humdharau ng'ombe huyu, wakisema ni wa nyama tu. Lakini jina la Boran limetoka kwa Waborana, ambao wamemkama na kuishi kwa maziwa yake tangu zamani. Wenye mashamba makubwa, kama yale ya Laikipia, ndio waliomchagua kwa ajili ya nyama, wakaanzisha chama cha kumkuza mwaka 1951.

Maziwa anayo, ila hampi kila ajaye. Ndama hutangulia kunyonya kidogo, mama apate kuyashusha. Kisha hufungwa karibu na kichwa cha mama, amlambe, naye mkamaji hukama upesi, kwa kuwa mshuko ule hudumu dakika chache tu. Kelele na fimbo huyazuia. Ndama asipokuwapo, utavuta mpaka vidole vife ganzi. Ndiyo sababu wako wafugaji ambao, ndama akifa, huihifadhi ngozi yake wakamwekea mama ainuse.

Hapo ndipo penye shauri letu. Kiwele ni kimoja, wanaokitegemea ni wawili. Mwenzetu hufika kwake kwa Krismasi, ataka chai nzito, aamuru chuchu zote nne zikamwe mpaka tone la mwisho. Mwezi wa Februari, majani yamekauka, apigiwa simu kwamba ndama amekufa. Na ndama akifa, mara nyingi mama naye hukauka, na watoto wakanywa chai ya rangi.

Twaona ni afadhali zikamwe chuchu mbili, asubuhi tu, na mbili aachiwe ndama. Dang'a ya siku za kwanza ni yake yote. Lita moja au mbili zatosha uji wa watoto. Atakaye ndoo ijae na atafute wa gredi, kama wazee wetu walivyohimizwa na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Lakini kwanza aulize kama pana josho lenye dawa. Ndigana ikimwua ng'ombe, mkopo haufi naye.

Tena, mama au kijana akamaye kila siku ndiye amjuaye ng'ombe yule. Amri za simu kutoka mjini zipungue.

La mwisho, maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa au kugandishwa kibuyuni. Twajua wazee wengine hawapendi ladha yake yakichemshwa, lakini ugonjwa uwatupishao ng'ombe mimba huingia kwa mtu kwa njia hiyo hiyo, ukamwachia homa na maumivu ya viungo kwa miezi mingi.