Kutoka Wodini Hadi Darasani
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Nairobi



Kamati imenitaka niseme machache juu ya jambo ambalo limeletwa mbele yake zaidi ya mara moja mwaka huu. Wako wanachama wetu waliosomea uuguzi, kazi ya afisa wa kliniki na kazi ya maabara, nao sasa wataka kuwa walimu wa sayansi katika shule za sekondari. Wanaomba chama kiwasaidie karo. Mimi nimetumika hospitalini miaka 12, tena nimesimama mbele ya ubao miaka 7. Ndiyo sababu shauri hili likaangukia kwangu. Sikuja kumsifia mtu yeyote njia hii. Nimekuja kueleza jinsi ilivyo, kisha niseme maoni yangu juu ya fedha za chama.

Kwanza yafaa tuulize kwa nini watu wanahama. Husemwa kwamba wamechoka kukesha zamu za usiku. Hayo ni maneno ya mtu asiyepata kukesha. Madaktari waligoma siku 100 tangu Desemba 2016, na wauguzi nao wakagoma tangu Juni hadi Novemba 2017. Mwaka 2020 wahudumu wengi wa afya waliajiriwa kwa mikataba ya miaka 3, na mikataba ilipokwisha wakaongezewa muda kidogo kidogo, huku wakidai ajira ya kudumu. Mzazi mwenye watoto shuleni hawezi kuishi kwa kungoja barua ya kuongezewa muda. Lakini wako pia wasiokimbia kitu. Hao walichoka kuwapokea watu waliokwisha kuchelewa, wakatamani kuwafikia kabla hawajaugua.

Basi huyo aliyekwisha kuamua, afanyeje? Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa ndipo fedha za watu zinapopotea. Sheria ya mwaka 2012 ya Tume ya Kuajiri Walimu, ile tuiitayo TSC, inamkataza mtu kufundisha shuleni kabla hajaandikishwa na Tume. Ili uandikishwe kuwa mwalimu wa sekondari, yakupasa uwe umesomea ualimu wenyewe pamoja na masomo mawili ya kufundishia. Au uwe na shahada nyingine iliyo na masomo mawili ya namna hiyo, kisha uongeze diploma ya ualimu ya baada ya shahada, ambayo ni kazi ya kama mwaka mmoja. Tena utaulizwa cheti chako cha kidato cha nne: C+ kwa jumla, na C+ katika kila somo utakalofundisha.

Chuo chetu cha Mafunzo ya Tiba, KMTC, chenye asili yake mwaka 1927, kina heshima yake, na wengi tulio humu ukumbini tu watoto wake. Lakini diploma yake ni ya kutibu na kuuguza, si ya kufundisha biolojia na kemia. Hata shahada ya uuguzi, pamoja na uzito wake wote, haikupangwa kwa masomo mawili ya shule. Mwenye karatasi hiyo asilipe karo ya ule mwaka mmoja mpaka ameipeleka ofisi za Tume kule Upper Hill, akaambiwa kwa maandishi kwamba itakubaliwa au itakataliwa. Wako waliolipa kwanza wakauliza baadaye, nao wamejikuta wakianza upya shahada ya ualimu ya miaka minne.

Najua pia kwamba katika mitaa yetu ya magharibi, tangu Kawangware na Riruta mpaka Kangemi na Uthiru, hazikosekani shule ndogo za binafsi zilizo tayari kumchukua muuguzi asiyeandikishwa kesho asubuhi na kumtwika sayansi ya shule nzima. Ujira wake ataona haya kumtajia mkewe, na siku wakaguzi watakapokuja itambidi atokee mlango wa nyuma. Huko si kuhama kazi. Ni kutoka katika shida yenye cheti na kuingia katika shida isiyo na cheti.

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe. Hospitalini tulifunzwa kujibu upesi na kuamuru. Mgonjwa anapovuja damu hapana nafasi ya kumuuliza mwanagenzi aonavyo yeye. Darasani mambo hugeuka: mwalimu anayetoa jibu upesi amewanyang'anya watoto somo. Hauna budi kuuliza, ukanyamaza, ukavumilia ule ukimya, ukapokea jibu lililo kombo na kulichunguza pamoja na mwenyewe aliyelitoa. Watu wa wodini wengi hushindwa na ukimya huo kuliko kelele za watoto hamsini.

Lakini muuguzi huja na kitu ambacho shule haiwezi kukinunua dukani. Chukueni mfano wa osmosisi. Mwalimu hukata vipande vya kiazi vyenye urefu mmoja, kimoja akakitia katika maji matupu, kingine katika maji yenye chumvi nyingi, kisha hungoja. Cha kwanza hukakamaa na kurefuka kidogo. Cha pili hulegea, ukikishika chapindika. Watoto huandika daftarini, kengele hulia. Aliyetoka wodini ana swali la kuongeza: kwa nini dripu ya chumvi huwa na gramu 9 kwa kila lita, na kwa nini hatumwekei mgonjwa maji matupu mshipani? Watoto wakikitazama tena kile kiazi, wataona wenyewe kwamba chembe nyekundu za damu zingefyonza maji yale, zikavimba na kupasuka. Hapo atatokea mmoja atakayetaja mdogo wake aliyeharisha, na maji ya chumvi na sukari aliyopewa zahanati. Kumbe sukari ile haikutiwa kwa ajili ya utamu: glukosi husaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na maji huifuata. Mtoto wa Kawangware aliyelielewa jambo hilo amepata zaidi ya alama za mtihani, kwa maana kesho ndiye atakayekuwa nyumbani na mtoto mchanga wakati mama yuko sokoni.

Wala kufundisha kwa vitendo si jambo geni upande huu wa mji. Katika miaka ya 1960 Uswidi ilisaidia kujenga chuo cha walimu wa sayansi katika barabara ya Ngong, ambacho baadaye kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1998 ulianza mpango wa SMASSE kwa msaada wa Japani, wa kuwazoeza walimu waliomo kazini kufanya majaribio na kuunda vifaa kwa vitu vilivyo karibu. Kazi hiyo ikawa chanzo cha kituo cha CEMASTEA kule Karen. Mtu aliyepata kuendesha zahanati isiyo na umeme hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba chupa tupu ni chombo.

Nitaje na matatizo mawili, upesi. Miaka uliyotumikia wodini haihesabiwi kuwa miaka ya ualimu. Utaanzia chini pamoja na vijana unaoweza kuwazaa, tena pengine kwa posho ya mwalimu wa mafunzo kabla ya mshahara kamili. La pili ni hili: shule ikijua ulikuwa nesi, kila kichwa kinachouma kitaletwa kwako, na siku moja utaombwa kutunza kabati la dawa. Kataa kwa adabu. Mwalimu hana wodi, na leseni ya kutibu isiyofanywa upya ni karatasi tu. Mtoto mgonjwa apelekwe kituo cha afya.

Sasa nije kwenye hoja iliyoigawa kamati. Mzee wetu mmoja aliuliza hivi: mkitumia fedha za chama kumtoa nesi wodini, ni nani atakayenipokea nikiugua? Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali hilo lina haki yake. Fedha hizi zilichangwa kwa ajili ya maradhi na mazishi, na muuguzi mzoefu akiondoka, kitanda chake hakijazwi kwa mwezi mmoja. Kwa upande mwingine, nchi hii inao wauguzi na maafisa wa kliniki waliofuzu wasio na kazi yoyote, nao wanakaa nyumbani Kangemi na Dagoretti huku wakisahau walichosomea. Na mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Darasa la 10, ambamo sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ni mmojawapo wa mikondo mitatu. Watoto hao watafundishwa na nani?

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo haya. Chama kitoe mkopo, kisitoe zawadi. Wa kwanza kukopeshwa wawe wale wasio na kazi, au waliomaliza mkataba bila kuongezewa. Aliye na ajira ya kudumu hospitalini angoje nyuma yao, akiwemo ndugu yangu wa tumbo moja, ambaye amekwisha kuandika maombi. Asikopeshwe mtu yeyote kabla hajaleta barua ya Tume ionyeshayo kozi atakayohitaji, na karo ilipwe chuoni moja kwa moja. Fedha za mazishi zisiguswe. Mfuko huu uchangiwe peke yake.

Katibu anayo nakala ya masharti ya kuandikishwa. Wenye vyeti vyao wanaweza kumwonea mlangoni baada ya chai, nami nitakuwapo kuvitazama pamoja naye.