Diwali Ikikaribia: Maelezo kwa Wakazi wa Lindi



Mama fua wa Lindi hahitaji kalenda kujua kwamba Diwali inakaribia. Wiki mbili au tatu kabla ya sikukuu, katika nyumba anazofanyia kazi Parklands au Ngara, mapazia yote huteremshwa, mazulia hutolewa nje, na kabati ambazo hazijafunguliwa tangu mwaka uliopita humwagwa sakafuni. Kijana anayebeba mizigo katika duka la jumla naye huijua kwa wingi wa masanduku ya mithai. Dereva huijua kwa safari za jioni. Watu wengi wa Lindi wamo ndani ya sikukuu hii kila mwaka, lakini wachache wamewahi kuelezwa ni sikukuu ya nini.

Kwa hiyo yafaa kuanzia hapo.

Diwali ni sikukuu ya taa. Jina limetoka katika neno la Kisanskriti, dipavali, lenye maana ya safu ya taa. Huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Tarehe hubadilika kwa sababu hufuata mwezi, kama ilivyo Idi. Tofauti ni kwamba Idi hungoja mwezi uandame, na Diwali huja usiku ule ambao mwezi hauonekani kabisa. Taa huwashwa usiku wa giza kuu.

Taa yenyewe si kitu kigeni. Ni kikombe kidogo cha udongo, ndani yake samli au mafuta, na utambi wa pamba. Mtu yeyote wa Lindi aliyewahi kuwasha koroboi stima ilipopotea anaijua taa hiyo.

Wahindu wengi husimulia kwamba usiku huo watu wa mji wa Ayodhya waliwasha taa kumpokea Rama, mwana wa mfalme, aliporudi nyumbani baada ya kuishi uhamishoni miaka 14. Pia humkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, ambaye inaaminika hupenda kuingia nyumba safi yenye mwanga. Ndiyo sababu mapazia huteremshwa. Kwa wafanyabiashara wenye asili ya Gujarati, huu ni wakati wa kufunga vitabu vya hesabu vya mwaka na kuombea vitabu vipya, na mwaka wao mpya huanza baada ya Diwali. Wajaini, ambao ni dini nyingine, hukumbuka ukombozi wa mwalimu wao Mahavira. Masingasinga hukumbuka kuachiliwa kwa Guru Hargobind kutoka ngome ya Gwalior, pamoja na wana wa wafalme 52 waliokuwa wamefungwa humo. Si kila Mkenya mwenye asili ya India husherehekea Diwali. Wapo Waislamu wengi kati yao, na Wakristo pia, hasa Wagoa.

Walivyofika

Mkazi wa Lindi anayevuka reli asubuhi akielekea kazini Viwandani anavuka njia ya treni itokayo pwani kwenda Kisumu. Ujenzi wa reli ya kwanza ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Wakoloni Waingereza walileta vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi wao kutoka Punjab. Karibu 2,500 walikufa kazini, kwa maradhi, ajali na simba wa Tsavo. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, na maelfu kadhaa wakabaki. Wafanyabiashara na mafundi wengine, hasa wa Gujarati, wakaja baadaye, wakafungua maduka kando ya reli.

Wazee wa Kinubi wa Kibra wanaifahamu hadithi ya namna hiyo. Nao mababu zao waliletwa na serikali ya kikoloni, kama askari, wakapewa ardhi ya msitu ulioitwa Kibra, kisha wakaishi kwa miongo mingi wakiulizwa kwao ni wapi. Mwaka 2017 jamii hizo mbili zilipata jibu kutoka serikalini. Mwezi Juni Wanubi walikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288 za Kibra. Mwezi Julai Wakenya wenye asili ya Asia walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 44 la Kenya.

Jamii hii haikuleta duka peke yake. Makhan Singh, Singasinga, alijenga vyama vya wafanyakazi Nairobi, na mwaka 1950 alidai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki. Wakoloni walimweka kizuizini hadi mwaka 1961. Girdhari Lal Vidyarthi alianzisha gazeti la Colonial Times mwaka 1933 na kuchapisha pia gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia. Katika miaka ya 1940 alifungwa jela kwa kosa la uchochezi kutokana na maandishi yaliyopinga ukoloni. Anayesoma habari kwa Kiswahili leo anafaidi kazi ya watu kama hao.

Baniani na kiatu chake

Upo msemo unaojulikana kote kwenye Kiswahili: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Watu huutumia kwa mzaha. Lakini ukiusikiliza vizuri, unamtukana mtu wakati huo huo unapokiri kwamba unamhitaji. Mtoto wa Lindi anayeusikia kila siku hujifunza kwamba jirani anaweza kuchukiwa na kutumiwa kwa pamoja.

Msemo huo una upande wa pili. Iko nyumba ambayo mfanyakazi amefua, amepika na kulea watoto kwa miaka 10, na mwenye nyumba hajui jina lake la pili wala mahali anapolala. Huko pia ni kuhitaji mikono ya mtu bila kumjua mwenye mikono. Sikukuu ya taa haiwezi kuwa ya jiji zima ikiwa upande mmoja unaona mfuko tu na upande wa pili unaona kifagio tu.

Katiba ya Kenya, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dini na imani, na inakataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya imani yake. Kifungu hicho kinamlinda Mhindu anayewasha taa Parklands, na kinamlinda pia mfanyakazi wake Mkristo au Mwislamu.

Mfanyakazi ajue yafuatayo

Sheria ya Sikukuu za Umma inaitambua Diwali kuwa sikukuu kwa watu wa imani ya Kihindu. Si mapumziko ya Wakenya wote. Mfanyakazi wa imani nyingine aulize mapema kama kazi itafungwa, na kama atahitajika usiku.

Waajiri wengi hutoa zawadi au bakshishi ya Diwali. Hiyo ni desturi njema, lakini sheria haimlazimishi mwajiri kuitoa. Sheria inamlazimisha kulipa mshahara usiopungua kima cha chini, na kumpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Zawadi ya sanduku la mithai haifuti deni la mshahara. Mwenye malalamiko anaweza kufika katika ofisi ya leba ya serikali, au kupitia chama cha KUDHEIHA, kinachowawakilisha wafanyakazi wa nyumbani.

Jambo moja linasumbua zaidi: kurudi nyumbani. Sherehe huisha usiku, na mfanyakazi wa Lindi hushuka matatu akaingia vichochoro ambavyo mwanga wa mulika mwizi hauvifikii, tena usiku usio na mwezi. Mwajiri anayemhitaji mtu hadi usiku ampangie usafiri, au mahali salama pa kulala. Mfanyakazi aliseme hilo siku kadhaa kabla, asingoje saa nne usiku. Wanaoishi ploti moja wapange kurudi pamoja.

Moto na fataki

Chini ya Katiba, huduma za zimamoto, udhibiti wa kelele na shughuli za kitamaduni ni kazi za serikali ya kaunti. Kwa hiyo Diwali ni shughuli ya kaunti pia.

Fataki ziko chini ya Sheria ya Vilipuzi, na anayetaka kuzifyatua anahitaji kibali. Zisiletwe Lindi hata kidogo. Nyumba za mabati na mbao zilizobanana haziwezi kustahimili cheche moja juu ya paa, na wakazi wanajua jinsi moto wa nyumba moja unavyokula safu nzima kabla gari la zimamoto halijapata njia.

Wazazi wawaonye watoto: fataki iliyookotwa asubuhi ikiwa haijalipuka si mchezo. Inaweza kulipuka mkononi. Wanaofagia nyua baada ya sherehe waimwagie maji mengi, wasiisogeze karibu na jiko.

Wanaofanya kazi katika nyumba zinazosherehekea waweke taa za udongo mbali na mapazia na vitambaa, na ndoo ya mchanga au maji iwe karibu. Siku hizo kuna kukaanga kwingi. Mafuta yakishika moto, zima jiko na funika sufuria kwa mfuniko. Usimwage maji. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala unga, kisha apelekwe hospitali.

Anayependa kuona mwenyewe

Hekalu la Shri Swaminarayan lililo kwenye barabara ya Forest, ambayo sasa inaitwa barabara ya Profesa Wangari Maathai, lilifunguliwa mwaka 1999. Mawe yake yalichongwa India, yakasafirishwa na kuunganishwa hapa Nairobi. Baada ya Diwali, katika mahekalu kama hilo, vyakula vya kila aina visivyo na nyama hupangwa mbele ya sanamu kama mlima, kisha hugawiwa watu. Anayezuru hekalu huvua viatu mlangoni, huvaa mavazi ya heshima, na huomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Ni adabu ile ile ambayo watu wa Kibra huwafundisha wageni wanaoingia msikiti wa Makina.

Lindi inajua kuishi na sikukuu za wengine. Idi ikifika, sinia la biriani huvuka kutoka nyumba ya Mwislamu hadi ya jirani Mkristo, na Krismasi chapati hurudi upande wa pili. Hakuna anayeulizwa kubadili dini ili ale. Diwali inaweza kupokewa vivyo hivyo. Mfanyakazi amtakie mwajiri heri ya sikukuu, naye mwajiri amuulize mfanyakazi jina la mwanawe na mahali anapoishi.

Kukitokea moto au hatari yoyote, piga 999 au 112 bila malipo, na mweleze anayepokea simu jina la eneo na alama ya karibu, kama kanisa, shule au choo cha umma.

Kwa wanaosherehekea, Diwali njema. Kwa watakaokuwa kazini usiku huo, kazi njema na mrudi nyumbani salama.